Ramani ya Wi-Fi ndani ya jengo bila kupima chumba kwa chumba: maswali yenu

Maswali ya safari hii yameelemea upande mmoja: namna ya kuchora ramani ya nguvu ya Wi-Fi ndani ya jengo bila mtu kuzunguka na daftari akiandika "hapa nipo mlango wa tatu, hapa nipo chini ya ngazi". Mengine nimeyafupisha, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Kila simu ina GPS. Ramani ya mawimbi ya nini tena?

Mawimbi ya GPS hutoka kwenye satelaiti zilizo kilomita 20,000 hivi juu yetu. Yakifika ardhini yamekwisha kudhoofika, na paa la zege huyazima au huyapotosha. Wi-Fi imo humo humo ndani. Simu haihitaji hata nywila: husikia kila ruta inavyojitangaza na kupima nguvu yake kwa dBm, kipimo cha desibeli ambacho hapa huwa namba zilizo chini ya sifuri. Ubavuni mwa ruta utasoma kama -40. Ukisoma -90, mawasiliano yanakaribia kukatika. Namba hizo, ruta kwa ruta, ndizo saini ya mahali uliposimama. Ukiwa na ramani inayoonyesha saini ipi ni ya wapi, simu hulinganisha tu na kujua ilipo.

Kazi iko kwenye kuipata hiyo ramani. Mfumo wa RADAR, uliotolewa na watafiti wa Microsoft mwaka 2000, ulijaribiwa kwenye ghorofa moja ya mita 43.5 kwa 22.5. Walipima sehemu 70, na kila sehemu walisimama wakielekea pande nne, kwa sababu mwili wa binadamu una maji mengi na huyameza mawimbi: ukigeuka tu, namba zinabadilika. Walifikia kosa la kati la mita 2 hadi 3, matokeo mazuri kwa wakati ule. Sasa fikiria kurudia hayo kwenye hospitali au uwanja wa ndege, kisha kurudia tena kila ruta zinapobadilishwa. Ndiyo maana watu wanatafuta njia ya mkato.

Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi. Simu itajuaje vipimo vyake vilichukuliwa wapi kama hakuna aliyeiambia?

Hapa ndipo penye utamu wote wa jambo hili, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hakuna mtu anayeiambia, lakini kuna vitu vitatu vinavyoiambia: miguu ya mwenye simu, kuta za jengo, na tabia ya mawimbi yenyewe.

Tuanze na miguu. Sensa ya mwendo iliyomo kwenye simu hutambua kila hatua, na sensa ya mzunguko hutambua kila kona. Ukikadiria hatua moja kuwa sentimita 70, hatua kumi ni mita saba. Tatizo ni kwamba makosa hulimbikizana. Mwelekeo ukipotoka kwa nyuzi 10 tu, baada ya kutembea mita 50 utadhani uko karibu mita 9 pembeni ya ulipo. Dira ya simu ingesaidia, lakini nondo zilizomo kwenye zege na nyaya za umeme huiyumbisha.

Kuta ndizo zinazosahihisha. Mfumo uitwao Zee, wa mwaka 2012, hauulizi hata ulianzia wapi. Programu hutawanya maelfu ya dhana kwenye ramani ya jengo, kila moja ikidai kwamba wewe uko pale ilipo. Ukipiga hatua, dhana zote hupiga hatua. Ukikata kulia, zote hukata kulia. Inayogonga ukuta hufutwa. Mtu aliyekwenda hatua 30, akakata kulia, akaenda hatua 12, akakata kushoto, anaweza kuwa amepita sehemu chache tu katika jengo zima, na akizidi kutembea hubaki njia moja. Hapo programu hurudi nyuma na kuvipa mahali vipimo vyote vya Wi-Fi vilivyookotwa njiani, hata vile vya mwanzo kabisa ambavyo wakati ule havikuwa na kwao. Mpita njia wa pili huanza na ramani iliyokwisha kuota, kwa hiyo dhana zake hupungua haraka zaidi.

Kisha mawimbi. Hata bila kuhesabu hatua tunajua kwamba mtu haruki kutoka chumba kimoja hadi cha mbali bila kupita korido. Vipimo vinavyofuatana kwa wakati lazima viwe vya sehemu zinazopakana. Basi programu haitafuti mahali pa kipimo kimoja kimoja. Hutafuta mfuatano mzima wa sehemu unaoeleza vipimo vyote kwa pamoja na usiovunja mpangilio wa jengo. Kipimo kimoja kinaweza kufanana na vyumba vitano, lakini vipimo arobaini vinavyofuatana ni vigumu kufanana na njia mbili.

Neno moja la tahadhari kabla hujaandika tasnifu. Kusema "bila lebo", yaani bila mtu kuandika kila kipimo kilichukuliwa wapi, ni ukarimu wa lugha. Ujuzi wa mahali haukuondoka, umehamia kwenye ramani ya jengo, kwenye makisio ya urefu wa hatua, kwenye kudhani kwamba watu hupita korido na hawaruki madirisha. Ukisoma kazi inayodai haina lebo, swali la kwanza liwe: badala yake walikuwa na nini mkononi?

Na kama ramani ya jengo haipo?

Utapata umbo, ila hutajua limekaa vipi. Mwaka 2007 watafiti Ferris, Fox na Lawrence walionyesha kwamba vipimo vya Wi-Fi pekee, kwa kutumia hesabu za takwimu na dhana kwamba saini zinazofanana hutoka sehemu zilizo karibu, vinaweza kujenga ramani ya njia za ndani. Korido huonekana kama korido na kona huonekana kama kona. Lakini umbo hilo linaweza kuwa limegeuzwa, limezungushwa, au kulia kwake ni kushoto kwako kama kwenye kioo, na mawimbi hayana njia ya kukwambia.

Dawa yake ni sehemu chache za uhakika. Mbili hazitoshi, kwa sababu bado ramani inaweza kupinduka kwenye mstari unaoziunganisha. Tatu zisizo kwenye mstari mmoja zinatosha kuikaza. Nyingine unazipata bure: mlango ambapo GPS inakatika, lifti ambayo sensa ya mwendo huisikia ikianza na kusimama, ngazi zenye mdundo wake, hata nguzo ya chuma inayopotosha dira mahali pale pale kila siku. Mfumo wa UnLoc, nao wa mwaka 2012, ulijengwa juu ya alama za namna hii. Mimi nauona kuwa wazo zuri kuliko mengi yaliyokuja baadaye na hesabu nzito zaidi.

Ndugu mwandishi, mimi ni fundi mtandao. Najua kila ruta iko wapi. Kwa nini nisikokotoe tu umbali kutokana na nguvu ya mawimbi?

Kokotoa, ila usiyaamini sana majibu. Kwenye uwazi, umbali ukiongezeka mara mbili nguvu hupungua kwa desibeli 6. Ndani ya jengo lenye kuta nyingi inaweza kupungua kwa 12. Kwenye korido ndefu iliyonyooka hupungua kwa chini ya 6, kwa sababu kuta huyasukuma mawimbi mbele. Sasa mtu akipita tu kati yako na ruta namba hucheza kwa desibeli kadhaa, na kosa la desibeli 6 kwenye uwazi maana yake umekisia umbali mara mbili ya ulivyo, au nusu yake.

Kanuni hiyo hufaa zaidi kama kizuizi cha upole juu ya njia za watu: inazuia ramani isitoe upuuzi, kama vile nguvu kuongezeka kadiri unavyoiacha ruta. Ruta zako zikiwa na uwezo wa kupima muda wa safari ya mawimbi, tumia huo badala ya nguvu. Mawimbi huenda sentimita 30 kwa nanosekunde moja. Android ilianza kukubali upimaji huo kwenye toleo la 9, mwaka 2018, na kosa lake huwa mita 1 hadi 2 hali ikiwa nzuri.

Ghorofa je? Mawimbi hupenya sakafu.

Baromita. Shinikizo la hewa hupungua kwa takriban hektopaskali 0.12 kila mita unayopanda, kwa hiyo ghorofa ya mita 3 ni kama 0.36, na baromita za simu hulihisi hilo. Fuata mabadiliko yake ya ghafla, si namba kamili, maana hali ya hewa nayo huisogeza.

Simu mbili zikikaa meza moja zinasoma namba tofauti. Si zitavuruga ramani?

Zitavuruga ukizichanganya zikiwa mbichi. Antena, chipu, hata kava la simu huongeza au kupunguza desibeli kadhaa. Usitumie namba yenyewe. Tumia tofauti kati ya ruta na ruta, au mpangilio wa ipi inasikika zaidi ya ipi. Simu inayosoma kila kitu chini kwa desibeli 7 bado itakubaliana na wenzake kuhusu tofauti hizo.

Kumbuka pia kwamba tangu Android 9, programu iliyofunguliwa usoni mwa simu huruhusiwa kutafuta mitandao mara nne tu kwa dakika mbili. Anayetembea mita moja kwa sekunde atapata kipimo kila baada ya mita 30 hivi. Njia moja haitoshi. Unahitaji nyingi zinazopishana.

Kama sina lebo, nitajuaje kwamba ramani yangu ni sahihi?

Nimefurahi kuona swali hili, kwa sababu wengi huliruka. Kosa la kawaida ni kuangalia kama ramani inakubaliana na vipimo vilivyoijenga. Itakubaliana tu! Hata ile iliyogeuzwa kama kwenye kioo inakubaliana navyo vilevile.

Hakuna ujanja: chukua sehemu chache zenye mahali panapojulikana, na uzifiche programu isizione. Usipime korido tu, ambako kila mfumo hung'aa. Ingia pembeni mwa vyumba, nyuma ya kabati, kwenye ukumbi mpana ambako hakuna ukuta wa kufuta dhana. Tumia simu ambayo haikushiriki kujenga ramani, na siku nyingine. Halafu usitangaze wastani peke yake. Taja pia kosa ambalo vipimo tisa kati ya kumi havilizidi, kwani mtu aliyepelekwa kwenye chumba cha jirani hafarijiki kwa wastani wa mita mbili. Kwa hiyo lebo kidogo utazigusa, lakini kwa kupimia, si kwa kujengea.

Hizi njia za watu mnazozikusanya, si ni kuwafuatilia?

Ni kuwafuatilia, ndiyo, tusizunguke. Mwaka 2013 watafiti waliochambua mienendo ya simu za watu milioni 1.5 waligundua kwamba sehemu nne tu, pamoja na nyakati zake, zilitosha kumtofautisha mtu na wengine kwa asilimia 95 yao. Hapo hakukuwa na majina. Njia za ndani ya jengo ni za kina zaidi.

Omba ruhusa, kokotoa njia ndani ya simu yenyewe, na tuma nje vipande vifupi vya ramani badala ya safari nzima. Na mwenye ruta asiyetaka kuwekwa kwenye hifadhi ya mahali ya Google anaweza kumalizia jina la mtandao wake kwa "_nomap".

Tumehamisha ruta mbili. Tuanze upya?

Hapana. Linganisheni vipimo vipya na ramani ya zamani ruta kwa ruta. Nyingine zote zikikubaliana kwamba simu iko kwenye ukumbi na mbili zinakataa, hizo mbili ndizo zilizohama, na mngezijua hata kama hakuna aliyewaambia. Zifuteni hizo tu kwenye ramani, mahali pakisiwe kwa zilizobaki, na njia za watu wanaopita zitazirudisha zenyewe. Zikihamishwa nyingi kwa siku moja, hapo ndipo mtalazimika kurudi kwenye hatua na kuta.