Biti mpya juu ya santuri ya zamani

SWALI: Nina santuri ya muziki wa dansi ya miaka ya 1970. Nikiiwekea ngoma za kompyuta ili vijana waicheze, zinaanza sawa, lakini zikifika kwenye kiitikio zimeshaachana. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, bendi zile zilirekodi pamoja, bila mdundo wa kuongozea. Wimbo unaoanza kwa mapigo 112 kwa dakika unaweza kufika 118 magitaa yakichemka. Usiubane ufuate kompyuta, utaua uhai wake. Weka alama mwanzoni mwa kila baa (fungu la mapigo, mara nyingi manne), kisha kasi ya mradi wako kwenye kompyuta ndiyo iufuate wimbo.

Kabla ya kupiga besi, pima tuni. Sahani ikizunguka haraka kwa asilimia 3 tu, sauti hupanda karibu robo toni, na kinanda chako kitasikika kibovu. Rekebisha kinanda. Kwenye rekodi punguza sauti nzito, yaani masafa ya chini ya Hz 100, la sivyo besi mbili zitagombana.

Programu za kutenganisha sauti ya mwimbaji na ala zinasaidia, ila tarumbeta huacha kivuli cha sauti nyuma ya mwimbaji.

Haki za wimbo ni mbili: ya mtunzi na ya mwenye rekodi. Kumiliki santuri hakukupi hata moja. Tanzania anzia COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki, kabla hujapakia mtandaoni.