Ukitoka madrasa ukaingia sosholojia

Kila mwaka wa masomo ukianza hunipigia simu vijana wa Arua, Yumbe na Bombo wakiwa na shida moja. Kwa sheikh walikuwa hodari, fiqhi wanaijua, sasa mhadhiri wa sosholojia, yaani elimu ya jamii, kawaambia kwamba dini ni zao la jamii, na mtu hajui akubali au atoke nje. Baadhi yao huamua kukariri nadharia kwa ajili ya mtihani, wakifika nyumbani wanazivua mlangoni pamoja na viatu. Wengine hujibu kila kitu kwa kusema “hata hilo lilianza kwetu.” Nimewaona wa aina zote mbili wakivaa joho la mahafali, na sioni walichopata zaidi ya cheti.

Ushauri wangu, mdogo wangu, ni uanze na mwanahistoria Ibn Khaldun, lakini usimfanye pambo. Alizaliwa Tunis mwaka 1332, akafariki Cairo mwaka 1406 akiwa kadhi wa Kimaliki. Wanafunzi wengi humtaja kwenye utangulizi kwamba alimtangulia Auguste Comte, Mfaransa anayetajwa kuwa baba wa sosholojia, kwa karne nyingi, halafu hawamgusi tena mpaka ukurasa wa mwisho. Mtumie. Katika kitabu chake Muqaddima anauliza ni nini kinachowapa watu fulani nguvu ya kutwaa utawala, na kwa nini nguvu hiyo hulegea baada ya vizazi vichache. Jibu lake ni asabia, ule mshikamano wa damu na wa shida za pamoja, ambao anasa huula taratibu.

Basi lilete swali hilo Uganda. Baraza Kuu la Waislamu liliundwa mwaka 1972, enzi za Idi Amin, ili Waislamu wawe na uongozi mmoja. Hata hivyo tumekua tukisikia habari za upande wa Old Kampala na upande wa Kibuli, wanaovutana juu ya uongozi. Hawa wote ni Sunni, kibla chao kimoja, mwezi wanafunga huo huo. Kwa hiyo mgawanyiko unatoka wapi? Nasaba? Ukaribu na serikali? Mali za waqfu? Hapo Ibn Khaldun anakufikisha mbali, kisha anakwama, kwa sababu hakuandika habari za hati za ardhi na akaunti za benki. Akikwama, mlete Max Weber na maelezo yake kuhusu urasimu na uhalali wa mamlaka. Huyu Mjerumani anaeleza vizuri kwa nini watu humtii mtu kwa haiba yake, na nini hutokea haiba inapogeuka ofisi yenye muhuri.

Weber naye msome kwa jicho kali. Alitumia neno “haki ya kadhi” kwa maana ya hukumu inayotolewa kesi kwa kesi bila kanuni thabiti. Mtu aliyesoma mirathi hata mwaka mmoja, akahesabu thumni (moja ya nane) ya mjane na sudusi (moja ya sita) ya mama, anajua kanuni zipo, tena za kuumiza kichwa. Usimjibu kwa hasira, mjibu kwa utafiti. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 129, inataja mahakama za kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi. Nenda ukae panaposuluhishwa kesi za namna hiyo, omba ruhusa, andika unachokiona. Insha ya hivyo nitaisoma mpaka mwisho hata kama umeme umekatika.

Kwenye demokrasia ndipo vijana huteleza zaidi. Mmoja anasema ni ukafiri, mwenzake anasoma aya ya 38 ya Suratu Shura, inayowasifu wanaoshauriana katika mambo yao, na kutangaza kwamba bunge tulikuwa nalo Madina. Tazama historia yenyewe: Abubakar alipewa bay'a, yaani ahadi ya utii, pale Saqifa mjini Madina, Umar aliteuliwa na aliyemtangulia, Uthman alitokana na kamati ya watu sita, Ali akapewa bay'a baada ya fitina kuzuka. Makhalifa wanne wa kwanza, taratibu tofauti. Kwangu mimi hii inaonyesha kwamba kushauriana ni amri na utaratibu wake tumeachiwa tuutafute, na hapo ndipo sayansi ya jamii inapotufaa, kwa kuwa inajua kuhesabu nani alisikilizwa na nani hakusikilizwa.

Jaribu msikitini kwenu. Kuna uchaguzi wa kamati nilioushuhudia mkoani West Nile, baada ya swala ya Ijumaa. Mzee alisimama na karatasi, akasoma majina, akauliza, “Mnasemaje?” Safu za mbele wakapiga takbiri, kazi imeisha. Nyuma ya pazia kina mama walikuwa bado wanaulizana ni jina gani limesomwa, maana spika ya upande wao ilikuwa kimya tangu hutuba. Hakuna aliyefanya hila. Wazee wale ni watu wa heri. Lakini mtu mwenye daftari angeandika: walioshauriwa ni safu tatu za mbele. Ukilipeleka jambo hilo kwa imamu kwa adabu, ukiwa na hesabu badala ya lawama, atakusikiliza kuliko ukimletea mwanafalsafa Rousseau.

Usome pia yaliyotokea kwingine. Rached Ghannouchi wa Tunisia aliishi London uhamishoni kwa takriban miaka ishirini, akarudi 2011, na mwaka 2016 chama chake cha Ennahda kikatangaza kutenganisha daawa na siasa. Mwaka 2021 rais alisimamisha bunge, na 2023 Ghannouchi mwenyewe akatiwa ndani. Msomi anayesema Uislamu na demokrasia haviwezi kukaa pamoja atuambie pale Tunisia ni nani aliyefunga mlango wa bunge.

Kuhusu vitabu, usitafute mbali. Ali Mazrui alifundisha siasa Makerere kabla ya kuondoka enzi za Amin, na Mahmood Mamdani, naye msomi wa siasa, amekulia Kampala. Wote wawili wanapatikana maktaba. Anza na Mazrui, Kiingereza chake kinateleza. Mamdani msome ukiwa umelala vizuri.