Usipange Bajeti ya Kompyuta kwa Namba Zilizovuja

Kila inapokaribia kutoka prosesa mpya ya kompyuta za mezani, simu yangu hujaa picha za skrini. Wateja ninaowaunganishia kompyuta hapa Mbeya, wengi wao wahariri wa video za harusi na vijana wanaochora ramani za nyumba, hunitumia jedwali lenye jina na alama za kasi za prosesa ambayo hakuna duka lolote linaloiuza, kisha huuliza kama wanunue sasa au wasubiri. Ushauri wangu ni kwamba namba iliyovuja isikuzuie kununua, wala isikusukume kununua.

Picha nyingi za aina hiyo hutokana na hifadhi ya wazi ya matokeo ya Geekbench, programu ya kupima kasi ya kompyuta kutoka kampuni ya Primate Labs ya Canada. Anayetumia toleo la bure, matokeo yake hupanda mtandaoni yenyewe, na wawindaji wa habari huyadaka hapo. Programu husoma tu jina ambalo kompyuta inajitambulisha nalo, na kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta nyingine, jina hilo linaweza kubadilishwa na mtu mwenye ujuzi wa kawaida. Hata likiwa la kweli, mara nyingi kinachopimwa ni sampuli ya wahandisi, yaani prosesa iliyotolewa mapema ili watengenezaji wa bodi mama inayobeba prosesa waifanyie majaribio, ikiwa na kasi ambayo huenda isiwe ya mwisho, tena kwenye bodi ambayo BIOS yake, yaani programu ya msingi inayoiongoza bodi, haijakamilika. Namba ya hapo inaweza kupotoka kwenda juu au chini, na picha haikuambii ni upande upi.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni umeme. Intel iliiwekea Core i9-13900K ukomo wa wati 253, lakini bodi kadhaa za gharama zilikuja zikiwa zimeuondoa ukomo huo tangu kiwandani. Nimewahi kumwonyesha mteja tofauti yake kwa macho: tuliendesha Cinebench R23, programu nyingine ya kupima kasi ya prosesa, ukomo ukiwa umeondolewa, tukaingia BIOS tukaurudisha, tukaendesha tena. Alama zilishuka, joto likashuka, na feni zilizokuwa zikivuma zikatulia, ilhali prosesa ni ile ile na jina kwenye skrini halikubadilika hata herufi moja. Isitoshe, kwa kawaida jaribio hilo huchukua dakika 10, lakini mtu anaweza kuchagua mzunguko mmoja tu unaoisha kabla joto halijapanda. Na kwa sisi wa nyanda za juu, aliyepo Uyole asubuhi ya Julai anaweza kupata alama ambazo mwenzake wa Dar es Salaam hatazipata Januari, kwa sababu prosesa za siku hizi hujipunguzia kasi zinapochemka. Mwaka 2024, baada ya malalamiko ya kukwama kwa kompyuta zenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14, Intel yenyewe iliwahimiza watumiaji warudi kwenye mipangilio yake ya msingi, sambamba na kutoa marekebisho ya volteji.

Namba inaweza pia kuwa ya kweli kabisa na bado isikuhusu. Oktoba 2011, AMD, mshindani wa Intel, ilitoa FX-8150 yenye kori 8, yaani viini vya kufanyia kazi ndani ya prosesa, baada ya matarajio makubwa, lakini kwenye kazi zinazotegemea kori moja kuna mahali ilishindwa na Phenom II, kaka yake wa zamani. Oktoba 2024 ilitoka Core Ultra 9 285K ya Intel, ya familia ya Core Ultra 200S, ambayo ilifanya vizuri kwenye kazi zinazotumia kori zote, lakini kwenye michezo mingi ikabaki nyuma ya 14900K iliyotangulia. Mchezaji aliyeahirisha ununuzi kwa sababu ya jedwali la kori zote hakudanganywa na mtu. Alisoma kipimo cha kazi ya mwenzake.

Kwa hiyo subiri tathmini za watu waliopima prosesa ya mwisho na wakataja bodi, kumbukumbu, kipoza joto na ukomo wa umeme waliotumia. Soma tathmini zaidi ya moja, na uanze na jaribio linalofanana na kazi yako. Halafu piga hesabu ya soketi, yaani kikao cha prosesa kwenye bodi, maana hiyo Core Ultra 200S hutumia soketi ya LGA1851, kwa hiyo mwenye bodi ya soketi ya zamani ya LGA1700 atanunua na bodi pia, na kama alikuwa na kumbukumbu ya aina ya zamani ya DDR4 atanunua na kumbukumbu.

Wakati unasubiri, fungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila kifaa kinatumika kiasi gani, huku video yako iliyohaririwa ikitolewa (export), uangalie nini kinachelewesha. Ikiwa prosesa haifiki hata nusu ilhali diski iko asilimia 100, fedha iende kwanza kwenye SSD, yaani diski ya kasi, na swali la prosesa mpya liahirishwe hadi bei yake ya Kariakoo ijulikane.