Mirihi kuna hela gani?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi niko Kahama, huku kwetu ikisikika kuna rashi ya dhahabu porini wiki haiishi mama ntilie kashafika na kibanda cha kuchaji simu kipo. Sasa hawa wanaosema watahamishia watu sayari ya Mirihi (Mars), huko kuna madini gani? Na ukiwahi unaweza kujikatia kiwanja?

JIBU: Madini yapo, ule wekundu wenyewe ni kutu ya chuma, kinachoua ni nauli. Angalia OSIRIS-REx, chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani, kilichoondoka 2016 kwenda kuchota udongo kwenye asteroidi (mwamba unaozunguka jua) inayoitwa Bennu, mzigo ukatua jangwani Utah Septemba 2023, gramu 121.6 basi, na mradi ulikula zaidi ya dola bilioni 1. Gawanya mwenyewe, inatoka zaidi ya dola milioni 8 kwa gramu, halafu waulize wanunuzi wa dhahabu hapo mjini kwenu gramu wanachukua bei gani. Sawa, wale walifuata sayansi, lakini hata waliofuata biashara yamewakuta: Mars One ya Uholanzi, waliokuwa wanapokea maombi ya watu waende wasirudi, ilifilisika 2019.

Kiwanja sahau. Mkataba wa anga za juu wa 1967 unakataza nchi yoyote kujimilikisha sayari, sasa hati utapewa na nani? Ila Marekani walipitisha sheria 2015 kwamba raia wao akichimba huko, alichotoa ni chake. Ujanja mtupu, ukiniuliza mimi.

Kitu chenye thamani Mirihi ni kile ambacho hukubeba kutoka duniani, yaani maji na hewa. Kuna kamashine kanaitwa MOXIE kalibebwa hadi Mirihi na roboti ya NASA ya Perseverance, kakatengeneza oksijeni kutoka kwenye hewa ya kule kule, kuanzia 2021 mpaka 2023 jumla gramu 122, NASA wenyewe wakasema hiyo inamtosha mbwa mdogo kama masaa 10 hivi. Kakikuzwa kakawa mtambo mkubwa, biashara ipo, lakini hapo watu watakuwa wanauziana wao kwa wao tu, na spea zote bado zinatoka duniani, na nafasi nzuri ya kurusha roketi inapatikana kila baada ya miezi 26. Hela ya kulipia hizo spea itoke wapi? Kwa sasa inatoka huku huku chini, SpaceX, kampuni ya roketi ya Elon Musk inayotaka kuhamishia watu Mirihi, wanaingiza kwa kurusha setilaiti za watu, kandarasi za serikali na wateja wa intaneti ya Starlink.