Maswali na majibu: Wanaokufuata wanaona nini?

*Naongoza misafara ya wageni Mlima Kilimanjaro. Tipu wanayotuachia nagawa kwa haki kabisa, lakini kila tukishuka wapagazi wananinung'unikia. Nakosea wapi? (Msomaji, Machame)*

Kaka, naamini unagawa kwa haki. Shida ni kwamba hawakuoni ukigawa. Umeandika mwenyewe kuwa mgeni hukupa bahasha pembeni, nawe unaifungulia ndani ya gari. Mtu aliyepanda na kilo 20 kichwani hadi kambi ya Barafu anapokea noti zilizokunjwa, jumla haijui. Basi anajipigia hesabu yake, na hiyo huwa kubwa kuliko kilichokuwemo.

Mgawo upangeni getini siku ya kwanza, mizigo ikipimwa: kiongozi kiasi gani, msaidizi, mpishi, mpagazi. Mkishuka geti la Mweka, mwombe mgeni ataje jumla mbele ya wote. Niliwahi kukaa na kikosi kimoja pale chini wakigawana. Mpishi alisoma majina kwenye karatasi iliyolowa mvua, mpagazi mmoja akahesabu noti, kiongozi akachukua fungu lake mwisho kabisa. Walimaliza kabla chai haijapoa, na hakuna aliyeuliza swali. Kaka, hao watu wanakubebea hema, chakula na maji kwenye baridi. Wana haki ya kuona.

*Mimi ni mwenyekiti mpya wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Wanachama wameanza kutoroka vikao. Funguo mbili za sanduku la fedha natunza mimi, kwa sababu wenzangu huchelewa. (Mama Neema, Sakina, Arusha)*

Mama Neema, zirudishe leo. Sanduku lina kufuli tatu ili lisifunguke bila watu watatu kuwepo. Ukishika mbili, umelifanya la kwako, hata kama hujagusa shilingi. Afadhali kikao kichelewe nusu saa. Halafu kikao kijacho muulize kila mmoja anaweka kwa ajili ya nini: ada ya Januari, mabati, mtaji wa mitumba? Katibu aandike kwenye daftari la kikundi. Mtu huja haraka panapotajwa jambo lake.

*Vijana wa kijijini hawaji kusafisha mfongo, mfereji wetu wa maji ya kumwagilia, na faini hawalipi. Tuwafanyeje? (Mzee, Kibosho)*

Shikamoo mzee wangu. Mfongo husafishwa na wenye zamu ya maji. Je, hao vijana wana zamu, au maji yote yanaingia kwenye vihamba, mashamba ya migomba, vya baba zao? Wapeni zamu yao, hata ya saa mbili kwa wiki, wamwagilie nyanya zao wenyewe. Kisha waiteni tena na majembe.