Sentimita za Sunette Viljoen

Mmeuliza wiki hii ni mwanamichezo gani wa Afrika ambaye sifa alizopewa hazilingani na kazi aliyoifanya. Jibu langu ninalo tangu Agosti 2016: Sunette Viljoen, mrusha mkuki wa Afrika Kusini.

Wengi wetu mkuki wa Olimpiki ya Rio 2016 tunaukumbuka kwa jina la Mkenya Julius Yego, na ni haki yake. Mita 88.24 na medali ya fedha si jambo dogo. Lakini siku mbili kabla yake, uwanja uleule, Viljoen alikuwa ameshachukua fedha ya wanawake kwa mita 64.92. Yego tulimpokea kwa vifijo. Viljoen nikimtaja, hata kwa watu wa riadha, naulizwa, "Nani huyo?" Inaniuma.

Kumwelewa lazima uanzie London 2012. Juni ya mwaka huo, New York, alikuwa amerusha mita 69.35, rekodi ya Afrika. Mrusho kama ule ungempa fedha London bila wasiwasi. Siku ya fainali mkono ukagoma: 64.53, nafasi ya nne. Linda Stahl wa Ujerumani akaondoka na shaba kwa 64.91. Tofauti ni sentimita 38. Weka kiwiko mezani, nyosha mkono mpaka ncha ya kidole cha kati. Hiyo ni dhiraa, na sentimita zile hazikufika dhiraa.

Asiyeujua mchezo huu anadhani ni nguvu za bega. Mkuki wa wanawake una gramu 600 tu. Mrushaji anakuja mbio, anageuza ubavu, anapishanisha miguu, halafu mguu wa mbele unakita chini, goti limekazwa. Mwili unasimama ghafla, na kasi yote inapanda kiunoni, begani, mpaka kwenye vidole vilivyoshika kamba iliyozungushwa katikati ya mkuki. Ncha ikiinuka kidogo kuliko inavyotakiwa, mkuki unakaa hewani kama umechoka, na mita kadhaa zimeshapotea.

Na huyu mama hakuanzia kwenye mkuki. Mwaka 2000, kabla hata ya kutimiza miaka 18, alikuwa akiichezea timu ya taifa ya kriketi. Alipokwenda Olimpiki ya Athens 2004 hakufika fainali, na Beijing 2008 vilevile. Wakati huohuo alikuwa akitwaa dhahabu za Jumuiya ya Madola, 2006 na 2010, kisha shaba ya dunia kule Daegu 2011 kwa mita 68.38, na nyingine Beijing 2015. Olimpiki ndiyo iliyokuwa ikimkatalia.

Kwa hiyo Rio ilikuwa Olimpiki yake ya nne, akiwa na miaka 32, tayari mama wa mtoto wa kiume. Dhahabu ilikwenda kwa binti wa Croatia, Sara Kolak, kwa 66.18. Nyuma ya Viljoen alikuwa Barbora Špotáková, bingwa wa Olimpiki mbili mfululizo, kwa 64.80, na Maria Andrejczyk wa Poland kwa 64.78. Kutoka fedha yake hadi kukosa medali kabisa ni sentimita 14. Tanua kiganja, kutoka kidole gumba hadi cha mwisho: shubiri moja inazizidi. Nilipoona majina yamepangwa kwenye skrini nilisimama, nikasema kwa sauti, "Safari hii zimekuwa zake."

Paris 2024 Mwafrika Kusini mwingine, Jo-Ane van Dyk, alichukua fedha ya mkuki kwa mita 63.93. Aliyepata shaba alirusha 63.68. Nikatanua kiganja mezani tena. Sentimita 25 zinaipita shubiri yangu kidogo.