Kidepo hadi Kihihi kwa ndege: dakika 50 usiziamini

Ndugu, nimekuelewa: simu imekuonyesha kilomita 670 na dakika 50, nawe unataka wageni watoke hifadhi ya Kidepo, kaskazini-mashariki mwa Uganda, asubuhi, watue Kihihi, kiwanja kidogo cha ndege karibu na msitu wa Bwindi, kusini-magharibi, wakaone gorila wa huko siku hiyohiyo. Haiwezekani.

Umbali huo ni sawa, ila ni wa mstari ulionyooka, na dakika zimepigwa kwa mwendo wa jeti, kilomita 800 kwa saa. Jeti gani itatua Kihihi? Huko hutua ndege ndogo kama Cessna Caravan, inayokwenda kama 300 kwa saa. Hapo ni zaidi ya saa mbili angani. Mkipitia Entebbe, njia inafika karibu kilomita 750, na kusubiri juu yake. Halafu kuna gari hadi Buhoma, lango la kuingilia Bwindi, na gorila hufuatwa kuanzia asubuhi. Mimi ningewalaza Buhoma kwanza.

Uliza kampuni ya ndege kuhusu mizigo kabla ya kulipa; mara nyingi ni kilo 15 kwa mtu, begi laini. Uliza pia mvua ikiharibu ratiba nani analipia hoteli. Mwenye ujauzito mkubwa au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza kabla ya kupanda ndege.